Mapazia ya Saa Nne Asubuhi

Gosse alichomeka kitabu cha pili chini ya projekta, akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Picha ukutani bado ilikuwa pana juu na nyembamba chini, mfano wa ndoo. Alikitoa kitabu, akaweka gazeti lililokunjwa mara nne. Ndoo ikakaribia kuwa sanduku.

"Imekaa?" baba yake aliuliza kutoka kitandani.

"Inakaribia. Baba asubiri kidogo."

"Nasubiri. Sina safari."

Katika kijiji kile cha Friesland mtoto hamwambii mzazi wake "wewe", hata akiwa na mvi. Gosse alikuwa na mvi kweli, na alikuwa ameishi Utrecht zaidi ya nusu ya maisha yake, mahali ambapo watu humwita hata meya kwa jina lake la kwanza. Lakini kila alipoingia kwa mlango wa nyuma wa nyumba hii, ulimi wake ulirudi utotoni bila kuulizwa. Baba anataka kahawa? Baba amelala vizuri? Alizungumza naye ana kwa ana kama mtu anayemzungumzia mwingine aliye chumba cha pili.

Kitanda cha mzee Hylke kilikuwa kimeshushwa sebuleni tangu masika, kwa kuwa ngazi zilikuwa zimemshinda. Macho nayo yalikuwa yameharibika katikati. Si kwamba hakuona kabisa. Aliona pembeni tu. Alichokitazama moja kwa moja kilimezwa na doa, basi akitaka kumwona mtu alitazama sikio la mtu huyo, na wageni walidhani anawadharau. Kwenye televisheni uso wa mwanadamu ulikuwa mdogo kuliko doa lake. Ndipo alipompigia simu mwanawe na kumwambia kwamba anataka ukuta mzima.

Alichotaka kukiona ukutani ni kimoja. Ilikuwa filamu fupi isiyo na sauti, aliyoipiga mwenyewe zamani, mwaka ule mfereji ulipoganda mpaka magari yakapita juu yake. Afke, mkewe, wakati huo bado mchumba, anateleza kwa viatu vya barafu akienda mbali na kamera, koti jeusi, mikono mgongoni. Anakuwa mdogo kama nzi. Halafu anageuka, anarudi kwa kasi, anafika karibu mpaka uso wake unajaza kila kitu. Afke alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita, na picha zake zilizokuwa ukutani Hylke alikuwa hazioni tena.

"Nataka kumwona akigeuka," alikuwa amesema kwenye simu. "Mengine nayakumbuka."

Gosse hakuwa mtu wa kununua kitu kwa kuamini maneno ya boksi. Kupima vyombo ndiyo kazi yake, na hakufundishwa na mtu. Alianza kwa kufungua televisheni mbovu za majirani kwenye meza ya jikoni hii hii, na sasa aliandika tathmini katika jarida dogo la wanunuzi. Wasomaji walimlalamikia kwamba huchelewa kusifu, na huchelewa zaidi kulaumu. Boksi la projekta hii lilitaja namba kubwa ya mwanga. Alipoweka kipimo chake ukutani hakupata hata sehemu ya kumi ya namba ile. Hakukasirika. Namba ya boksi ni kama bei ya kwanza sokoni, alizoea kusema: ni mwanzo wa mazungumzo.

Walishazungumza, yeye na baba yake, na hawakuelewana.

"Baba angoje Novemba," Gosse alisema siku ile, kabla ya kununua chochote. "Saa kumi na moja giza limeshaingia, hata projekta dhaifu itaonyesha vizuri. Na bei zitashuka."

"Sitaki Novemba. Nataka sasa."

"Sasa ni Juni. Jua linazama saa nne usiku, na baba analala saa moja."

"Basi nitazame mchana."

"Kwa mchana itabidi tuchukue ya bei kubwa zaidi."

"Taa ya hii ya bei ndogo inadumu muda gani?"

"Wanasema saa elfu thelathini."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Inanitosha," alisema. "Chukua hiyo."

Gosse aliuhesabu ule kuwa ubahili wa kawaida wa baba yake, mtu aliyekuwa akinyoosha misumari iliyopinda na kuipanga kwa urefu kwenye makopo. Hata hivyo aliinunua, kwa kuwa duka liliruhusu kurudisha mzigo, na muda wa kurudisha ulikuwa unakwisha kesho. Leo lazima ijulikane. Ikiwa baba hamwoni mama, projekta inarudi dukani na Gosse atalipia ile kubwa kwa fedha yake, mzee apende asipende.

Jaribio la kwanza alilifanya madirisha yakiwa wazi, kama kawaida ya nyumba zote za mtaa ule, ambako kioo kikubwa hutazama barabara na mapazia ni pambo tu la kando. Ukutani hapakuonekana ila kivuli kikitetemeka. Akaandika: mchana, wazi, haifai. Kisha akaiondoa mitungi miwili ya maua dirishani, akayavuta mapazia, ya kushoto na ya kulia. Pete zilikuwa zimeshika kutu na zililia. Ng'ambo ya barabara, Reinou, jirani yao, alikuwa akifagia mbele ya mlango wake. Alisimamisha ufagio, akatazama. Gosse alimpungia mkono. Reinou hakujibu, aliweka kiganja kifuani, akaingia ndani. Labda hakunitambua, Gosse aliwaza, akabandika utepe mweusi kwenye nafasi iliyobaki kati ya mapazia.

Sasa sanduku la mwanga lilikuwa limenyooka. Alizungusha gurudumu la lenzi taratibu. Katikati picha ilionekana wazi; pembeni ilibaki na ukungu, ugonjwa wa lenzi zote za bei ndogo. Wapimaji wote hupima katikati kwanza. Gosse alikuwa ameinua mkono kuandika "katikati: nzuri" alipokumbuka ni nani atakayeitazama. Akarudisha gurudumu nyuma, akaanza upya, safari hii kwa pembeni.

"Baba anatazama wapi sasa?"

"Saa ya ukutani."

"Na anaona nini?"

"Naona barafu. Ni nyeupe kweli." Alisogeza kichwa kidogo kwenye mto. "Naona kitu cheusi kinakwenda."

"Ni yeye."

"Kijivu, si cheusi. Koti lake lilikuwa jeusi."

"Nyeusi ndiyo udhaifu wa hizi ndogo. Haziwezi kuzima mwanga wote."

"Na hilo feni linanguruma kama mashine ya kukamulia maziwa."

"Hilo nimeliandika."

"Lakini anakwenda," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Acha hapo hapo. Usiguse kitu."

Hapo kengele ya kanisa ikaanza. Ilikuwa kengele kubwa, na ilianza kwa namna inavyoanzwa kwa mwanamume aliyekufa.

Hylke aliinua kichwa kutoka kwenye mto. "Nani kafa?"

"Sijui."

"Labda Tjalling. Kile kifua chake."

"Tjalling nimemsikia jana akimfokea mbwa."

"Mtu anaweza kufokea mbwa jana akafa leo."

"Si kwa sauti ile."

Mzee alisikiliza. "Anayepiga ni Oene. Huwa anaharakisha. Siku yangu nitamwomba..."

Mlango wa nyuma ulifunguliwa bila hodi, kama unavyofunguliwa siku zote, na harufu ya dawa ya nondo ya kabatini ikatangulia sebuleni. Reinou alikuwa amevaa gauni lake jeusi, mikononi ana sinia la keki lililofunikwa kitambaa cheupe. Kutoka kwenye mwanga wa jikoni hakuona kitu ndani ya giza lile.

"Gosse, mwanangu, pole," alisema. "Pole sana. Mtu huja kumwambia jirani kwanza, lakini nimesema huyu ameishi mjini miaka yote hii, hajui tena mambo yetu, tusimlaumu. Nilipokuona unafunga mapazia nimemtuma Oene mara moja. Usijali kahawa, vikombe ninavyo mimi, wabebaji wa jeneza wote wanajua..."

Ndipo alipogeuka akaona ukuta. Afke, mkubwa kuliko mlango, alikuwa akiteleza kimyakimya kuelekea mbali.

"Ee Mungu wangu, Afke," Reinou alisema, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Picha ukutani ikaganda. Mgongo wa koti, mikono nyuma, kiatu kimoja hewani.

"Jirani," Hylke alisema kutoka gizani, "umekalia rimoti."

Reinou aligeukia kitanda, macho yakitafuta gizani.

"Hylke?"

"Naam."

"Hujafa."

"Nadhani ningeambiwa."

Reinou alitoa rimoti chini yake bila kuitazama, akaiweka mezani karibu na sinia. "Nani anafunga mapazia saa nne asubuhi?"

"Ni mimi, mama Reinou," Gosse alisema. "Kwa ajili ya picha. Inahitaji giza."

Alipoyasema maneno hayo ndipo lilipomjia jambo alilokuwa amelisahau: mchana mmoja wa utotoni, akitoka shule, nyumba ya mwokaji mikate aliyekufa imefungwa mapazia mbele, na mama yake akamshika bega, akamvua kofia, akamwambia hapa tunapita bila kukimbia.

"Oene yuko mnarani anakupigia kengele, Hylke," Reinou alisema. "Kijiji kizima kinakusikia umekufa."

"Namsikia. Mwambie asiharakishe mwishoni."

"Usicheke. Usicheke hata kidogo. Mimi nimelia pale jikoni kwangu. Nimesema, daktari kampa mpaka majani yaanguke, imekuwaje tena Juni, hata hatujakubaliana juu ya..."

Alijikatiza hapo. Alimtazama Gosse, kisha Hylke, kisha akafunika mdomo kwa mkono.

Gosse alibaki ameshika utepe mweusi. Alikuwa mtu aliyezoea kusoma namba mara mbili kabla ya kuiamini. "Mpaka majani yaanguke?" aliuliza.

Reinou alianza kunyoosha kitambaa cha sinia.

"Nenda kamshushe Oene," Hylke alisema mwishowe, kwa upole. "Kabla hajanizika."

Reinou aliondoka kwa mlango ule ule wa nyuma, akikimbia kama mwanamke wa umri wake anavyoweza kukimbia na gauni la msiba. Baada ya muda kengele ilikatika katikati ya mapigo. Ukimya uliofuata ulikuwa mbaya kuliko kengele, maana kengele iliyopigwa hairudishwi, na kila mtu aliyekuwa ameisikia sasa alikuwa anajiuliza imekatika kwa nini. Nje zilisikika nyayo, baiskeli ikiegeshwa, watu wakiongea kwa sauti za chini.

"Wamekuja," mzee alisema. "Fungua mapazia."

"Picha itapotea. Bado hajageuka."

"Najua. Fungua, wanione."

Gosse alibandua utepe. Kabla hajagusa pazia alinyoosha mkono, akabonyeza rimoti, hakujua kwa nini. Pengine kwa kuwa hakutaka kumwacha mama yake na mguu mmoja hewani. Picha ikaendelea. Akavuta pazia la kushoto, pete zikalia, na mwanga wa Juni ukaingia wote kwa mara moja. Aligeuka haraka kutazama ukuta. Palikuwa na kitu kama moshi, moshi uliokuwa ukianza kugeuka. Kisha ukabaki ukuta tu, na msumari mmoja mtupu.

Barabarani walikuwa wamesimama watu wa mtaa, wengine bado na aproni. Tjalling na mbwa wake walikuwa mbele, kofia ya Tjalling ikiwa mkononi. Hylke aliinua mkono kuwasalimu. Kwa kuwa ilimbidi atazame pembeni ili awaone, alionekana kama anausalimu mlingoti wa taa. Tjalling aliivaa kofia, akaivua tena, akaonekana hajui adabu inataka nini, mwishowe akaishika mkononi na kuondoka. Mwanamke mmoja alicheka, kisha akalia. Wakatawanyika mmoja mmoja.

"Nipe hiyo keki," Hylke alisema. "Ni ya msiba wangu, nina haki ya kipande cha kwanza."

Gosse alikata keki. Mkono ulikuwa mtulivu; ulikuwa mkono uliozoea nyaya nyembamba. Alimwekea baba yake sahani kifuani, akaketi kwenye kiti alichokuwa amekalia Reinou.

"Sukari ya juu haitoshi," mzee alisema. "Ameinyunyiza haraka."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mzee aliacha kutafuna. "Umesemaje?"

"Nimesema kwa nini hukuniambia. Wewe. Umemwambia Reinou, umemwambia Oene, wabebaji wanajua. Mimi nakaa hapa nakueleza bei za Novemba."

Neno hilo lilikuwa limetoka. Miaka yote ile halikuwahi kutoka, hata siku alipoondoka nyumbani kwa hasira, hata kaburini kwa mama yake. Alingoja kukemewa. Mzee alitazama sikio lake, yaani alimtazama yeye.

"Jirani lazima ajue," Hylke alisema polepole. "Ana kazi. Kuna kengele, kuna jeneza, kuna watu wa kuambiwa nyumba kwa nyumba, vikombe. Wewe kazi yako ni kulia tu. Nikaona hiyo inaweza kungoja."

"Haikuwa yako kuamua."

"Pengine." Alipapasa makombo juu ya blanketi, akayakusanya pembeni ya sahani. "Na mapazia nilijua. Nilisikia pete. Ningeweza kukwambia hatufungi mapazia mchana, majirani wataelewa vibaya. Lakini leo ni Ijumaa, Reinou huwa sokoni. Nikasema, pengine hakuna atakayeona. Nilitaka tu afike pale anapogeuka."

"Ulimwona?"

"Nilimwona akienda." Alisukuma sahani kando. "Hiyo nilikuwa nayo tayari."

Gosse aliizima projekta. Feni iliendelea kuzunguka kwa muda, ikipoza taa ya saa elfu thelathini, kisha nayo ikanyamaza. Alifanya hesabu bila kutaka, maana kichwa chake kiliumbwa hivyo: filamu ile haifiki hata dakika nne. Aliiona sababu ya kile kicheko na kikohozi, na akaona ni yeye aliyekuwa na namba zote mbele yake wiki mbili nzima asiweze kuzisoma.

"Tukifunga tena, watakuja tena," alisema.

"Safari hii Oene hatapanda mnara bila kunigusa miguu kwanza. Lakini sitaki. Mara moja inatosha kwa mtu kusikia kengele yake."

Basi Gosse alichukua futi ya kupimia akaenda jikoni. Jikoni kulikuwa na dirisha moja dogo linalotazama bustani na ua wa miti, ambako hakuna anayepita ila paka. Unaweza kulifunika kwa blanketi na kijiji kisijue. Alipima kutoka jiko hadi ukuta, akapima tena kwa pembe. Chumba kilikuwa kifupi. Projekta ile haikuwa na lenzi ya kuvuta na kukuza picha. Kwa umbali ule uso wa Afke ungekuwa kama sahani, nao ulitakiwa uwe kama gurudumu la baiskeli. Projekta kubwa ingeweza, lakini ingechukua siku kadhaa kufika, na Gosse alikuwa ameanza kuzitazama siku kwa jicho jingine.

Alisimama katikati ya jikoni na futi mkononi. Kisha akakumbuka njia ya mafundi wa zamani: mwanga haujali kupinda. Ukiutupa kwanza kwenye kioo, kisha kutoka kwenye kioo ukautupa ukutani, umbali unaongezeka bila kubomoa chumba. Picha itageuka kushoto kuwa kulia, lakini hata projekta ya bei ndogo ina namna ya kuirudisha.

"Baba," aliita. "Kile kioo kirefu cha mama bado kiko juu?"

"Kwenye mlango wa kabati. Kimefungwa kwa skrubu, na mimi nilizipaka rangi juu yake. Mara tatu."

Gosse alipanda. Kioo kilikuwepo, kirefu na kizito, skrubu zimezama chini ya rangi ya krimu mpaka hazina mdomo. Alijaribu moja kwa bisibisi, polepole, akikwangua rangi kwanza. Haikusogea. Ya pili ilisogea robo ya mzunguko ikakataa. Kulazimisha kungepasua kioo. Aliwasha simu akamulika kila skrubu, akaona zipi zitahitaji mafuta, akazitia mafuta ya cherehani aliyoyakuta kwenye droo, akayaacha yapenye. Kesho Oene angekuja na bisibisi kubwa kusaidia, na kumbeba mzee hadi jikoni. Angekubali bila kuombwa mara mbili, baada ya kilichotokea leo.

Aliposhuka, Reinou alikuwa amerudi, ameshavua gauni jeusi, ameketi kando ya kitanda akimsomea Hylke majina ya watu aliowapitia kuwaambia kwamba hajafa, na kila mmoja alivyosema.

"Tjalling anasema alijua."

"Mwongo," Hylke alisema kwa furaha.

Macho yake yalikuwa yanafumba. Vidonge alivyokuwa akimwambia Gosse kuwa ni vya moyo tu vilikuwa vimeanza kazi mapema leo. Gosse aliifunika lenzi kwa kifuniko chake kidogo cha mpira, akaacha gazeti lililokunjwa pale pale lilipokuwa, kisha akarudisha mitungi ya maua dirishani, mmoja kushoto na mmoja kulia, mahali ambapo watu wangeiona.

"Kesho uniamshe mapema," mzee alisema bila kufumbua macho.

"Nitakuamsha," Gosse alisema, akaenda jikoni kuona kama blanketi litatosha dirisha.